ULIZA UJIBIWE: Wajapani wa jimnastiki, goti lililovunjika na yale mapointi ya desimali

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu fainali ya timu za wanaume Paris 2024, pale Japani walipowapokonya China dhahabu, na tangu hapo meseji hazijakatika. Nyingi zinauliza kitu kilekile kwa hiyo tumechagua chache, ambao swali lenu halipo msinune, huenda jibu lake liko humuhumu ndani.

SWALI: Kaka habari ya kazi. Mliandika kwamba China waliongoza mpaka chombo cha mwisho halafu wakakosa dhahabu. Mimi ni mtu wa mpira, ukiongoza bao tatu dakika ya 85 mechi imeisha hiyo. Ilikuwaje hapa? – Mtu wa Mpira

JIBU: Nzuri kaka. Kwanza ujue timu inazunguka vyombo sita: sakafu, farasi wa vishikio (kile kigogo chenye mikono miwili ya kushikia), pete, meza ya kurukia, vyuma sambamba na chuma cha juu (kile chuma kimoja cha kuning'inia). Kwenye fainali kila timu inapeleka watu watatu kila chombo na pointi za wote watatu zinahesabiwa, hakuna kusema huyu kaboronga tumtoe. Yaani mazoezi 18 na kila moja lina uwezo wa kukuua. Timu mbili zilizoongoza mchujo ndo zinaanza pamoja sakafuni na kumalizia pamoja chuma cha juu, na mwaka huo zilikuwa China na Japani, kwa hiyo wanapanda wakipokezana, kila mmoja anamwona mwenzie.

Kabla ya hicho chuma cha mwisho China walikuwa mbele kwa pointi 3.267, na kwenye jimnastiki hiyo ni mlima aisee. Japani wenyewe walikuwa wameshateleza mapema, Daiki Hashimoto, ambaye ndo staa wao, alidondoka kwenye farasi wa vishikio. Mimi hapo nilishaandika kichwani kwamba dhahabu ni ya China. Basi akapanda Su Weide, kijana aliyeingizwa kikosini dakika za mwisho baada ya mwenzake kuumia, akaachia chuma na kurusha mwili hewani, kurudi kukikamata kikamponyoka, akaanguka. Akapaka tena chaki, akapanda, akaendelea, na kwenye kushuka akaanguka tena. Kila anguko ni pointi nzima inakatwa, na ukishaanguka, mara nyingi unapoteza na thamani ya kile ulichokuwa unakifanya. Akapewa 11.600 wakati Wajapani wote watatu walikuwa juu ya 14. Mwisho wa siku Japani 259.594, China 259.062, tofauti 0.532. Piga hesabu mwenyewe, zile pointi mbili za kuanguka tu zingebaki China wanaondoka na dhahabu bila presha.

Ila tusimtwishe kijana mzigo wote. Japani wamejijenga kwenye kile chuma tangu enzi za babu zao na wakipewa nafasi ya kumalizia hapo huwa hawakupi zawadi. Athens 2004 nako walimalizia chuma cha juu, Hiroyuki Tomita akiwa mtu wa mwisho, akatua kimya miguu imeganda, dhahabu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Kuna stori naisikia ya Mjapani aliyeshindana goti likiwa limevunjika. Ni kweli au chumvi za mtandaoni? – Binti wa Mazoezi

JIBU: Marahaba binti. Ni kweli kabisa, ingawa wasimuliaji wameshaiongezea chumvi ya kutosha. Anaitwa Shun Fujimoto, Olimpiki ya Montreal 1976. Aliumia goti akiwa anafanya sakafu, akanyamaza. Akaenda farasi wa vishikio akapata 9.5, na pale angalau miguu haigusi chini mpaka unaposhuka. Kikaja chombo cha pete. Kwenye pete mikono ndo inafanya kazi yote, kuning'inia, kusimama kichwa chini, kushikilia mwili umenyooka, sawa, goti halina neno. Shida ni kushuka. Zile pete ziko karibu mita tatu kutoka chini na ili upate pointi lazima ujirushe, upinduke hewani, utue kwa miguu miwili na usisogee. Akatua. Goti likapinda vibaya, uso ukakunjamana, akasimama wima, akanyoosha mikono kwa majaji kama sheria inavyotaka ndo akatoka akichechemea. 9.7, hajawahi kupata zaidi ya hapo kwenye pete. Baada ya hapo madaktari wakamsimamisha.

Sasa watu wengi wanaishia hapo, mimi naona sehemu tamu ni inayofuata. Enzi hizo timu ilikuwa na watu sita na kila chombo zinahesabiwa pointi za watano bora, maana yake una mtu mmoja wa akiba akivurunda haimuumizi mtu. Fujimoto alipotoka wamebaki watano kamili, akiba hakuna, vyombo vitatu mbele yao, na Wasovieti wanawapumulia shingoni. Hao watano wakamaliza wakashinda kwa pointi 0.40 tu, 576.85 kwa 576.45. Halafu miaka ya baadaye Fujimoto alipoulizwa kama angerudia kufanya vile, alijibu hapana. Kwa hiyo binti yangu ukiumia mazoezini mwambie kocha, dhahabu za namna ile zisikudanganye.

SWALI: Mbona zamani walikuwa wanapewa 9.9 na sasa hivi mtu anapata 15? Kumi ilikufa lini? – Mdadisi

JIBU: Hiyo kumi, iliyokuwa alama ya juu kabisa, ilikufa 2006, baada ya kelele nyingi kuhusu majaji kule Athens. Siku hizi kuna alama mbili zinajumlishwa. Moja ni ya ugumu, kila mtindo una thamani yake, ukipanga migumu zaidi inapanda na haina kikomo. Nyingine ni ya usafi, inaanzia 10 halafu majaji wanakwangua: goti limepinda kidogo 0.1, hatua kubwa wakati wa kutua 0.3, kosa kubwa 0.5, kuanguka 1.0.

Na hapo ndo utawaelewa Wajapani. Wapinzani wao mara nyingi wanaweza kujaza ugumu sawasawa na wao au hata kuwazidi, wao wanakuja kukuchukulia kwenye usafi, vidole vya miguu vimenyooka, magoti yamebanana, kutua umeganda. Ila usafi nao una siku zake, Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 walikosa dhahabu nyumbani kwao kwa 0.103 mbele ya Warusi. Hatua moja kubwa ya kutua inakula karibu mara tatu ya hiyo! Timu nzima, mazoezi 18, mnatengana kwa kitu ambacho ukikaa mbali kidogo na ulingo hata hukioni.

SWALI: Baba yangu anasema Japani ndo walikuwa wafalme wa huu mchezo wakapotea kabisa, mimi nimewajua na yule bingwa wao Uchimura tu. Nani yuko sahihi? – Kizazi Kipya

JIBU: Mzee yuko sahihi, mpe heshima yake. Kuanzia Roma 1960 mpaka Montreal 1976 walichukua dhahabu ya timu Olimpiki tano mfululizo, na katikati hapo ubingwa wa dunia 1962, 1966, 1970 na 1974 nao wakaubeba, kisha 1978 tena. Mashindano kumi makubwa mfululizo, miaka 18 hakuna aliyewagusa.

Aliyefungua njia ni Takashi Ono, na huyu namhurumia mpaka leo. Ubingwa wa mtu mmoja kwa vyombo vyote aliukosa Melbourne 1956 kwa 0.05, akarudi Roma 1960 akaukosa tena kwa 0.05 ileile, mara zote mbili mbele ya Wasovieti, wa kwanza Viktor Chukarin wa pili Boris Shakhlin. Mjapani wa kwanza kuupata akawa Yukio Endo, Tokyo 1964. Halafu akaja Sawao Kato akauchukua 1968 na 1972, jumla dhahabu nane za Olimpiki. Na Mitsuo Tsukahara, yule ambaye Munich 1972 alishuka kwenye chuma cha juu kwa kupinduka mara mbili huku akijizungusha, dunia ikashika kichwa. Mtindo wake wa kuruka meza unaitwa Tsukahara mpaka leo, ukimsikia mtangazaji analitaja hilo jina ndo huyo. Mwanae Naoya alikuwemo kwenye timu ya dhahabu ya 2004, kumbe damu nayo inafanya kazi.

Kupotea kulikuja hivi: Wasovieti wakachukua ubingwa wa dunia 1979, Olimpiki ya Moscow 1980 Japani wakasusia pamoja na Marekani, China nao wakaibuka wakawa mabingwa wa dunia 1983. Los Angeles 1984 Koji Gushiken alichukua dhahabu ya mtu mmoja lakini timu ikaambulia shaba, na shaba tena 1988 na 1992. Atlanta 1996 wakawa wa kumi. Wa kumi jamani, Wajapani! Dhahabu ya timu ya Olimpiki ilikaa miaka 28 bila kurudi, na ya ubingwa wa dunia ikachukua 37, mpaka Glasgow 2015.

SWALI: Nani mkali kuliko wote, Uchimura au hawa vijana wa sasa? – Fundi Chuma

JIBU: Kohei Uchimura, wala sihitaji kufikiri. Mabingwa sita wa dunia wa vyombo vyote kati ya 2009 na 2015, wote ni yeye, na Olimpiki 2012 na 2016 akabeba. Ile ya Rio alikuwa nyuma ya Oleg Verniaiev wa Ukraine mpaka chuma cha juu, akashinda kwa 0.099. Hashimoto alichukua Olimpiki akiwa na miaka 19 na Shinnosuke Oka akaipokea Paris, wako vizuri sana, ila tuwape muda kwanza ndo tuanze kulinganisha.

SWALI: Je timu ikionewa na majaji inaweza kukata rufaa au ndo imeisha? – Mama wa Haki

JIBU: Inaweza mama, ila ni kwa alama ya ugumu tu, ya usafi hakuna kuihoji, na ada unalipia. Mfano mzuri ni hawahawa Wajapani London 2012. Walimalizia farasi wa vishikio, Uchimura akaharibu kushuka, majaji wakaona hajashuka kihalali wakamnyima hiyo thamani, ubao ukaonyesha Japani wa nne. Makocha wakakimbilia meza ya majaji, ripleyi ikaangaliwa, akaongezewa 0.7 wakapanda mpaka fedha. Waingereza waliokuwa wameshaanza kuruka na fedha yao wakashuka kwenye shaba, na Ukraine waliokuwa na shaba wakaondoka mikono mitupu.