Anza na mwisho wa neno: ninavyotafuta maneno ya Kiingereza kwenye michezo ya herufi

Ukiwa na herufi saba mkononi na hakuna neno linalokujia, usizikodolee macho zote kwa pamoja. Tenga mwisho wa neno kwanza. Huo ndio ushauri wangu mkubwa kwa anayecheza Scrabble (mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vyenye herufi) au michezo ya aina hiyo kwa Kiingereza. Mengine nitakayosema ni nyongeza tu.

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tuna sikio linalosubiri irabu. Neno lisipoishia na A, E, I, O au U tunahisi bado halijaisha, kwa hiyo konsonanti zikirundikana tunazipita kana kwamba ni takataka. Kumbe humo ndimo Kiingereza kinamoweka mali yake: -CK, -TCH, -GHT, -NTH. Neno STRENGTHS lina herufi tisa na irabu moja. RHYTHM halina hata moja kati ya zile tano. Y ndiyo iliyoshika zamu, kama ilivyo kwenye MYTH, CRYPT, NYMPH na LYNX. Ukikaukiwa na irabu lakini una Y, anzia hapo.

Tuchukue A, E, G, I, N, R, T. Zikikaa hivyo hazisemi kitu. Sasa ziondoe I, N, G uzisogeze kulia, mbali kidogo. Zilizobaki ni A, E, R, T, na TEAR inajitokeza yenyewe. Unganisha: TEARING. Rudisha zote, halafu safari hii tenga -ITE. Kushoto una A, G, N, R, ambazo zinatoa GRAN, na neno zima ni GRANITE. Jaribu tena na -ATE: zinabaki G, I, N, R, utaona RING na GRIN ambazo haziungani na -ATE, lakini ukianza na IN- unafika kwenye INGRATE. Maneno matatu kutoka kwa vigae vilevile, na lolote kati yake linamaliza mkono mzima, jambo ambalo kwenye Scrabble lina pointi 50 za ziada. Mimi huwa navisogeza vigae kwa kidole kweli, siyo kichwani. Anayechezea kwenye simu ana kitufe cha kuchanganya herufi. Kibonyeze bila aibu.

Miisho ya kuizoea ni -ED, -ER, -EST, -LY, -NESS, -TION na -ABLE. Kwa upande wa mbele kuna RE-, UN- na OVER-, ila ninayoipenda kuliko zote ni OUT-, kwa sababu inakubali kupachikwa kwenye vitenzi vingi ambavyo mtu hangevitegemea: OUTRUN, OUTSING, hata OUTEAT.

Herufi ngumu nazo zina dawa yake, na dawa ni kukariri maneno mafupi. Q ikikuangukia bila U, kumbuka QI na QAT. Z ina ZA, J ina JO, X ina AX, EX, OX, XI na XU. V ndiyo mkorofi: hakuna neno la herufi mbili lenye V, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta. S usiichezee kwa pointi chache, maana kwenye vigae 100 ziko nne tu, ilhali E ziko 12. Mgao huo haukutoka hewani. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo huo miaka ya 1930, alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti.

Wordle, mchezo wa kukisia neno la herufi tano kwa majaribio sita, inataka akili nyingine. Pale huna herufi mkononi, una dalili, na hatari kubwa ni kung'ang'ania kupata jibu wakati unatakiwa kukusanya habari. Mtego maarufu ni huu: baada ya majaribio mawili herufi nne za mwisho zimegeuka kijani, yaani ziko mahali pake, _IGHT. Unafurahi. Halafu unagundua kuna EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT na TIGHT, na umebakiwa na majaribio manne. Ukiyapita moja moja unacheza kamari. Andika FILMS. Unajua kabisa siyo jibu, lakini kwa pigo moja limeuliza habari za F, L, M na S. Zote nne zikikataa, andika RENEW, linalouliza R, E na N kwa pamoja. Nazo zikikataa, jibu ni TIGHT, na bado una jaribio la akiba. Hila hii haiwezekani ukiwa umewasha kiwango kigumu, ambacho kinakulazimisha kutumia tena kila herufi uliyokwisha kuipata. Ukiwa huko, iogope _IGHT tangu mbali.

Sasa tuje kwenye tovuti na programu za kutafutia maneno. Wengi hulalamika kwamba hazitoi wanachotaka, na nikiangalia walichoandika naona wameuliza swali lingine. Kuna maswali matatu, na hayafanani. La kwanza: maneno yanayotengenezwa kwa herufi nilizo nazo tu, wala si nyingine. Hilo ni swali la Scrabble. La pili: maneno yenye herufi hizi popote, pamoja na nyingine zozote. La tatu: maneno yenye herufi hii mahali hapa hapa. Ukiingiza A, R, T kwenye swali la kwanza utapata RAT, ART, TAR na vijineno vingine vichache. Ukiziingiza kwenye la pili utamwagiwa orodha isiyosomeka. Kwa swali la tatu, programu nyingi hutumia alama ya kuuliza kusimamia herufi moja isiyojulikana, na nyota kusimamia herufi zozote kwa idadi yoyote. Kwa hiyo ?R??T inakupa FRUIT na GREET, na *GHT inakupa kila kinachoishia hivyo, kirefu kwa kifupi. Wordle inachanganya la pili na la tatu, tena na orodha ya herufi zilizokataliwa; tafuta programu yenye visanduku vitatu kwa ajili hiyo.

Spelling Bee, mchezo wa kuunda maneno wa gazeti la New York Times, ina lake pia. Herufi ni saba na ya katikati lazima iwemo, lakini unaruhusiwa kurudia herufi utakavyo. Anayetumia kitafutio cha Scrabble kwa mchezo huo hataona maneno mengi, kwa kuwa kitafutio kinadhani kila kigae kinatumika mara moja.

Ukicheza na mtu, kuchungulia kitafutio katikati ya mchezo ni wizi tu. Baada ya mchezo ni halali na ndipo kunapofundisha: rudisha herufi zilizokushinda uone ulichokipita. Wala usiache neno kwa sababu hujui maana yake. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa. Alikariri maneno kama maumbo ya herufi.

Kabla ya kubishana juu ya neno, ulizaneni mnatumia orodha gani. Marekani na Kanada wana yao, sehemu nyingi nyingine hufuata ya Collins, wachapishaji wa kamusi, ambayo ni pana zaidi. CH, kwa mfano, ni halali kwenye Collins na haimo kwenye ile ya Marekani. Kitafutio nacho kina mpangilio wa kuchagua orodha, mara nyingi umefichwa kwenye kona ya juu.