Maswali na Majibu ya Bustani: Mianzi ya Kusitiri Ua

SWALI: Ndugu Mtaalamu, jirani yetu ameongeza ghorofa, na dirisha lake la juu sasa linatazama moja kwa moja uani kwetu, mahali tunapoanika nguo, tunapopikia na tunapopumzika jioni. Kutoka dirishani hadi baraza letu la nyuma ni kama mita 10. Nimeshauriwa nipande mianzi ya manjano kando ya ukuta, lakini mume wangu anahofia kwamba itapasua ukuta na kuleta nyoka. Tufanye nini?
*Mama wa watoto wanne, Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Mama, kabla ya kununua mche hata mmoja, keti barazani hapo mnapopumzika, umpe mwanao ufito mrefu asimame nao kando ya ukuta, kisha auinue mpaka ncha yake ifike usawa wa dirisha la jirani kama unavyoliona wewe ulipoketi. Urefu huo ndio mnaouhitaji, na mara nyingi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Dirisha likiwa mita 6 kutoka ardhini, na ukuta wenu ukiwa mita 3 kutoka hapo dirishani, ufito utatakiwa kufika kama mita 4 na nusu. Lakini mtoto akisogea hadi mita 2 mbele yako, mita 2 na kidogo zitatosha. Ndiyo maana sioni sababu ya kupanda mwanzi wa manjano, ambao hufikia mita 10 hadi 20, katika ua wa mjini. Ukishakomaa utainamia paa la jirani na kujaza majani kwenye mifereji yake ya mvua, na kesi itakuwa yenu.

Tafuta mwanzi mdogo wa uzio, ambao wataalamu huuita *Bambusa multiplex*. Fito zake ni nyembamba, majani yake ni membamba na mengi, na kwa kawaida hufikia mita 3 hadi 7. Huota kwa kukusanyika mahali pamoja, wala hautambai chini ya udongo. Hofu ya mume wako kuhusu ukuta ina msingi kidogo, kwa sababu shina la kichaka hupanuka mwaka hadi mwaka na linaweza kuusukuma ukuta uliojengwa bila msingi imara. Basi pandeni mita 1 na nusu kutoka ukutani, mbali na shimo la maji taka, na kati ya mche na mche acheni mita 1. Kuhusu nyoka, kinachowavuta ni panya na mahali pa kujificha, kwa hiyo chini ya mianzi pasiachwe pakageuka jalala la matawi makavu, mabati na matofali yaliyobaki baada ya ujenzi.

Pandeni masika yanapoanza, mwezi wa tatu, katika mashimo ya upana na kina cha sentimita 50, udongo wa juu ukiwa umechanganywa na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Mvua zikikatika, mwagilieni maji ya kutosha mara mbili kwa wiki katika mwaka wa kwanza. Majani yanayodondoka msiyachome, bali myatandaze kwenye shina kama matandazo mepesi.

Jambo moja huwakatisha tamaa wengi, nami nalisema mapema. Mwanzi haunenepi baada ya kutoka ardhini. Chipukizi huchomoza likiwa na unene wake wote, limevikwa maganda, kisha hurefuka kwa miezi michache tu na kukoma. Fito za mwaka wa kwanza zitakuwa kama penseli. Usizing'oe kwa kudhani kwamba mche umedumaa, kwani ndizo zinazolisha machipukizi makubwa zaidi ya msimu unaofuata. Pazia lenu litaziba sawasawa katika mwaka wa tatu. Ufito ukikatwa ncha hauongezeki kimo tena, bali hujaza matawi, na hiyo ni faida kwenu.

Kuanzia hapo, kila mwaka ondoeni fito kongwe kwa msumeno, mkikata juu kidogo tu ya fundo. Ukikata katikati ya pingili, kisiki hubaki kama kikombe, hujaa maji ya mvua, na mbu waenezao dengue huzaliana humo. Jiji lililopata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019 halihitaji vikombe vya namna hiyo.

SWALI: Nilipanda mianzi mizuri niliyonunua kando ya barabara. Sasa inaota katikati ya njia ya mawe, mita 3 kutoka nilipoipanda. Je, ni ugonjwa?
*Msomaji, Lushoto*

JIBU: Si ugonjwa. Tazama ufito mmoja juu ya mahali tawi linapotokea: ukiona mfereji upande mmoja, na matawi mawili mawili kwenye kila fundo, basi huo ni mwanzi wa jamii ya *Phyllostachys*, ambao shina lake husafiri chini ya ardhi. Chimba handaki la sentimita 60 hadi 75 kuuzunguka, ukate kila shina linalovuka, kisha usimamishe plastiki nene isiyo na tundu, ukiacha sentimita 5 zionekane juu ya udongo. Machipukizi ya nje yavunje yakiwa bado laini, kila msimu wa mvua, mpaka yachoke. Fyekeo peke yake halitakusaidia.

SWALI: Je, mianzi ya ulanzi (pombe inayogemwa kwenye machipukizi ya mianzi) inaweza pia kuwa uzio wa nyumba?
*Mgemaji, Njombe*

JIBU: Inaweza, ila ulanzi na uzio hugombania chipukizi moja. Chipukizi linalogemwa hukatwa ncha kila siku na haliwi mwanzi mrefu, hivyo kichaka kinachogemwa mfululizo hubaki na mapengo. Panda mistari miwili: wa barabarani usiuguse, na kugema kuwe katika mstari wa ndani.