Maswali ya Wasomaji: Guru wa Diksha Hupimwaje?

Shikamooni wahariri. Niko Kirumba, Mwanza. Nina miezi minne nikitaja jina la Krishna kwa tasbihi. Wiki hii amekuja mgeni mwenye joho la rangi ya zafarani. Anasema atanipa diksha, yaani kunipokea rasmi kuwa mwanafunzi wake, Jumamosi kabla hajapanda basi la Dar, ila niandae sadaka. Wenzangu wanasema nimepata bahati. Nitajuaje kama anastahili?

Marahaba. Jumamosi hiyo iache ipite. Hari-bhakti-vilasa, kitabu cha kanuni cha Wavaishnava (Wahindu wanaomwabudu Vishnu au Krishna) wa Bengal, kilichoandikwa karne ya 16, kinataka mwalimu na mwanafunzi wachunguzane mwaka mzima kabla ya diksha. Wachunguzane wote wawili, maana kwa imani yao guru, yaani mwalimu, anabeba sehemu ya madhambi ya anayempokea. Anayekubali mtu asiyemjua ama hajui uzito wa anachokifanya, ama hajali.

ISKCON, shirika la waumini wa Krishna lililoanzishwa New York mwaka 1966, lina utaratibu unaofuata njia hiyohiyo. Kwanza unakaa miezi sita ukishika masharti: mizunguko 16 ya tasbihi ya punje 108 kila siku (yaani mantra, sala fupi ya kutaja jina, mara 1,728, kazi ya saa mbili hivi), bila nyama, samaki wala mayai, bila kilevi, bila kamari, bila zinaa. Ndipo unamtaja guru umtakaye, unakaa chini ya mafunzo yake miezi sita mingine, unafanya mtihani, na viongozi wa hekalu lako wanakuandikia barua ya kukupendekeza.

Joho lisikubabaishe. Linaonyesha kwamba mtu ameacha maisha ya ndoa, basi. Bhaktivinoda Thakur, mmoja wa walimu wakubwa wa karne ya 19, alikuwa hakimu wa serikali na baba wa watoto wengi. Kipimo chenyewe kiko kwenye ubeti wa kwanza wa Upadeshamrita, kitabu cha mafundisho cha Rupa Goswami, mwalimu wa karne ya 16: anayefaa kuwa na wanafunzi duniani kote ni yule aliyeweza kutawala kauli, mawazo, hasira, ulimi, tumbo na tamaa ya mwili. Sasa hayo hayaonekani jukwaani. Yanaonekana siku chakula kimechelewa, au kijana amemwuliza swali gumu mbele za watu. Ndiyo maana ya ule mwaka mzima.

Mwulize pia guru wake ni nani, na guru wa guru wake ni nani. Mvaishnava wa kweli atakutajia mnyororo wa walimu hadi kwenye moja ya silsila nne: ya Ramanuja, ya Madhva, ya Vishnuswami au ya Nimbarka. Kama guru wake yu hai, mwulize kama amempa ruhusa, kwa sababu desturi ni kutojipokelea wanafunzi ilhali mwalimu wako yupo. Akikasirika kwa kuulizwa, jibu umelipata. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, 4:34 yenyewe inamtaka mwanafunzi aende kwa unyenyekevu, aulize maswali na atumikie.

Sadaka hutolewa, inaitwa dakshina, lakini hutoka kwa hiari ya mwanafunzi. Ikitangulizwa kama nauli, hiyo ni biashara.

Mimi ni mama wa Nyegezi. Je, mwanamke au Mwafrika anaweza kuwa guru, au ni lazima awe Brahmin (mtu wa tabaka la makuhani) wa India?

Maandiko hapa yanavutana, na ni vizuri ulijue hilo. Hari-bhakti-vilasa inampa Brahmin nafasi ya kwanza. Lakini Chaitanya, ambaye Wavaishnava wa Bengal humfuata, alimwambia mfuasi wake Ramananda Raya kwamba awe Brahmin, awe mtawa, awe Shudra (mtu wa tabaka la chini), anayeijua elimu ya Krishna ndiye guru. Wengi wa wafuasi wa Chaitanya hushika neno hili la pili. Jahnava Devi, mke wa Nityananda aliyekuwa mwenzake Chaitanya, alitoa diksha karne ya 16. Na Bhakti Tirtha Swami, Mmarekani mweusi aliyefariki 2005, alikuwa na wanafunzi wengi, pamoja na Waafrika.

Guru akianguka je?

Mahabharata, utenzi mkongwe wa Kihindu, inaruhusu kumwacha mwalimu mwenye kiburi, asiyejua la kufanya na la kuacha, aliyepotoka njia. Si jambo la kufikirika tu: baada ya mwanzilishi wa ISKCON kufariki Novemba 1977, watu 11 walichukua kazi ya kutoa diksha, na baadhi yao walianguka. Usikurupuke kwa uvumi. Peleka ushahidi kwa wazee wa hekalu. Jina la Mungu ulilofundishwa usiliache.

Mimi ni mvuvi wa Igombe. Kuna mwalimu ameniambia nipate diksha tu, sangara na sato niendelee nao. Ni sawa?

Kulitaja jina hakuna sharti. Anza leo, hata mtumbwini. Diksha ni kiapo, na mwalimu anayekupunguzia kiapo ili aongeze idadi ya wanafunzi ameshindwa kipimo yeye, kabla yako. Katika Chaitanya-charitamrita, kitabu cha maisha ya Chaitanya, mwindaji alipotaka mafunzo, mtakatifu Narada alimwambia avunje upinde kwanza. Akauliza atakula nini. Narada akaahidi kumletea chakula kila siku, na kikaja. Sehemu hiyo ya pili walimu wengi huisahau. Anayekutaka uache nyavu na akae nawe mpange utaishije: bustani, duka, ufundi wa kutengeneza boti.

Hata ukishaacha samaki, kagua unga wa lishe kabla ya kukoroga uji, maana mwingine huchanganywa na dagaa. Chai ya majani na kahawa nazo, kwa ISKCON, zinahesabiwa pamoja na vilevi.