Usikate kanga kabla hujauliza

Nilipoanza kazi yangu ya sanaa kuhusu safari ya bibi kutoka Unguja kwenda Mombasa, nilifungua kasha lake, nikatoa kanga moja iliyochakaa, nikaikata. Nilitaka mji tu, pale katikati penye maua. Pindo na jina niliviacha sakafuni kama makombo. Shangazi alipokuja hata hakuitazama kazi. Aliokota kipande cha jina akasoma: "Japo sipati tamaa sikati." Kisha akaniuliza, "Mwenzake wa doti hii unajua yuko kwa nani?"

Sikujua. Yuko Unguja, kwa watoto wa dada yake bibi. Bibi na dada yake walipotengana mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, waligawana doti, kila mmoja na kanga yake. Bibi tamaa hakukata. Nguo niliikata mimi.

Kwa hiyo ukitaka kufanya sanaa ya uhamaji na urithi, kaa kwanza na wenye kitu, mkasi baadaye. Usiende na kinasa sauti kama mwandishi wa habari. Nenda mkachambue mchicha. Uliza ilinunuliwa na nani, ilivaliwa lini, na lipi lisisemwe mbele za watu. Hilo la mwisho ndilo wengi tunaliruka, na kwa familia zilizohama mwaka ule si jambo dogo.

Mtazame msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huko Uingereza. Katika kazi yake Naming the Money ya mwaka 2004 alisimamisha sanamu bapa 100 za Waafrika waliotumikishwa kwa matajiri wa Ulaya, kila mmoja na jina lake la asili na lile alilobandikwa. Angeweza kuandika "utumwa" ukutani, yakaisha. Alifuata majina. Kanga pia amezichora, tena na maneno yake (hapo niliona aibu).

Maelezo ya ukutani yaandike kwa Kiswahili kwanza. Shangazi asipoyaelewa, yafute.

Yangu niliishona upya kwa uzi mwekundu, mshono uonekane. Binamu wa Unguja alikataa kunipa kanga yao, na ana haki. Alinitumia picha kwa WhatsApp, imeanikwa kambani. Nimeichapisha na kuitundika pembeni ya yangu, vibanio vya nguo vikionekana vilevile.