Mkuu, hiyo taa ya kuua vijidudu usiiwashe leo

Mleta mada, kama umeshaitundika, kaizime kwanza ndiyo urudi usome.

Umesema uko Luchelele, una bustani nyuma ya nyumba, na unataka jioni ukae na watoto muangalie nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, wanaofuata mwanga. Ukauliza taa ipi inafaa, tarehe zipi nzuri, picha unapigaje kwa simu na majina yao unayajuaje. Sawa. Halafu mwisho kabisa, kama jambo la kupita tu, ukaandika kuwa umeshanunua "taa ya UV, zile za kuua vijidudu za enzi za Korona" kwa elfu thelathini na tano, na leo usiku unaijaribu. Na watu hapo juu wanakupa hongera! Mmoja eti "UV ni UV mkuu, washa." Huyo namuomba akaiwashe chumbani kwake, atuletee mrejesho kesho akiweza kuiona simu.

UV, yaani ile miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, siyo moja. Nondo anavutwa na ile ya nanomita 350 hadi 370 hivi, inayoitwa UV-A, ambayo hata kwenye jua ipo. Taa ya kuua vijidudu inatoa 254, hiyo ni UV-C. Hata jua la Mwanza la saa saba mchana halikupigi na hiyo, maana hewa ya juu huko inaimaliza yote kabla haijafika chini. Wewe umeinunua kwa pesa yako ukaileta barazani kwa watoto.

Ninayajua haya kwa sababu mimi niliinunua kabla yako. Duka moja mjini, kijana wa kaunta ananiambia, "Hii ndiyo kali kuliko zote kaka, hakuna mdudu anayebaki." Na kweli, hakudanganya kuhusu ukali. Nyumbani nina holda ya tyubu ya sentimita 45, ikaingia vizuri kabisa, maana pini ni zilezile na wati ni zilezile 15. Hapo ndipo penye mtego. Nikafunga shuka jeupe ukutani, nikakaa kwenye kigoda karibu na tyubu, nikajiona mtaalamu.

Nondo walikuja, ndiyo tatizo lenyewe. Wasingekuja ningeingia ndani mapema nikalale. Akaja mmoja mkubwa wa kijivu, mwili una mistari ya pinki pande zote mbili, yule ambaye kiwavi wake mnamkuta kwenye matembele ana kapembe mkiani. Akatua kwenye shuka akaanza kutetemesha mabawa bila kuruka. Wale wakubwa hufanya hivyo kupasha misuli moto kabla ya kuondoka. Nikamsogelea, uso wangu na tyubu havijapishana hata futi mbili. Nimekodoa macho kama mtoto kwenye katuni, sijavaa hata miwani.

Sikuhisi chochote, na hili mlisikie vizuri wote mnaosema "mbona mimi niliwasha na sikuumia". Haiumi ukiwa pale. Nililala fresh, saa nane usiku nikaamka nadhani mtu kanimwagia mchanga machoni. Siwezi kufumbua. Nikilazimisha, machozi yanamwagika, na hata mwanga wa simu ni kisu. Asubuhi uso umeiva mwekundu, shingo inachoma. Ilikuwa mwanzoni mwa 2024, ule msimu wa macho mekundu, basi nyumba nzima ikanitenga. Chakula kinawekwa mlangoni, mtu anagonga na kukimbia. Jirani aliyekuwa ananidai alikuja dirishani, akaniona ninavyolia, akaahirisha deni. Hiyo ndiyo faida pekee niliyopata.

Zahanati ya kwanza wakanipa dawa ya macho mekundu bila hata kuniuliza nilikuwa wapi jana yake. Ya pili daktari kanitazama uso, akauliza, "Wewe ni fundi wa kuchomelea?" Nikamwambia hapana, ninaangalia nondo. Kimya. Nadhani aliandika kitu kingine pembeni. Lakini ndiye aliyenielewesha: ni kuungua kwa utando wa mbele wa jicho lenyewe, kilekile kinachowapata mafundi wanaochomelea bila kinga, na kwa kawaida kinapona chenyewe ndani ya siku moja hadi tatu. Kinapona, sawa, ila mimi ni dereva. Gari la watu lilipaki, hesabu ya bosi ikadaiwa palepale. Na mwanangu, ambaye ndiye aliyenisumbua kuhusu hao nondo, siku hiyo alikuwa kwa bibi yake Magu. Ningekuwa nimemkalisha kigodani pembeni yangu. Ndiyo maana nikisoma "mimi na watoto" kwenye uzi wako napandisha presha.

Nilirudi dukani. Yule kijana anasema, "Mbona wengine hawajalalamika?" Wengine wameweka kwenye vyumba vilivyofungwa na wakatoka nje, ndivyo inavyotumika hiyo! Kwenye boksi lenyewe pamechorwa mtu aliyepigwa mstari, na yeye boksi alikuwa amelitupa ili taa zikae vizuri kwenye ndoo. Kwenye ndoo, wakuu. Na yule jamaa wa kwenye grupu aliyenishauri "tafuta UV yoyote", picha yake ya wasifu kipepeo, nilipomwandikia akanijibu na kiemoji cha kucheka.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote achana nayo: soma namba kabla ya kuchomeka. Ukiona 254 au UVC, rudisha. Tyubu nyingi za kuua vijidudu zina namba inayoanza na G, mfano G15T8. Za kuvutia wadudu ni F15T8 na mwishoni BL au BLB. Kioo chake pia kinasema: cha kuua vijidudu ni kiangavu, unaona mpaka ndani, wakati BL ni nyeupe ya maziwa na BLB ni zambarau nzito karibu nyeusi. Haina maandishi kabisa? Usinunue, hata akikupunguzia mpaka elfu tano.

Unachotaka ni tyubu ya akiba ya zile mashine za kuua inzi za buchani na hotelini, au hata tochi ya mawakala ya kukagulia noti, ukipata ya 365. Hizo nazo usizikodolee, ila si janga. Shuka liwe la pamba, lililofuliwa kwa sabuni ya unga, litang'aa bluu lenyewe. Na usielekeze taa juu: watafiti wa Imperial College London walionyesha mwaka 2024 kuwa mdudu hugeuzia mgongo kwenye mwanga, ndiyo maana anazunguka na kushindwa kutoka, mwanga ukitoka chini anapinduka na kuanguka.

Tarehe: vitabu vyote vya nje vitakwambia usiku wa giza, mwezi mchanga. Kwao sawa. Sisi tuko kando ya ziwa, na siku chache baada ya mwezi kuandama ndipo wale wadudu wa ziwani wanapoinuka mawingu kwa mawingu. Ukiwasha siku hizo shuka litakuwa nyeusi, nondo humuoni, na mwenye pumu ndani ya nyumba atakulaumu. Mimi nangoja siku za mwishomwisho za mwezi wa angani, siyo wa kalenda, wavuvi wa dagaa wakiwa wameanza tena kutoka na taa zao, kuanzia mvua za Oktoba na Novemba. Yule mdudu mwembamba wa rangi nyeusi na nyekundu akikutua shingoni, mpulize. Usimsage, maji yake yanaunguza ngozi.

Na hiyo tyubu usiivunje kwa hasira kama nilivyotaka mimi, ina zebaki ndani. Piga picha maandishi ya kwenye kitako chake uyaweke hapa tuyasome. Kama ni G, nitakwenda na wewe dukani kuirudisha, na safari hii nitavaa miwani.