Barua kwa mwanangu: ukiulizwa kazi yako na unakokusudia kwenda

Pumwani, Nairobi

Mwanangu Mwanaisha,

Ujumbe wako wa juzi, ulioniandikia ukiwa zamu ya usiku, nimeusoma mara tatu na mara ya nne nimemsomea mama yako. Unasema mtihani wako wa kuzungumza Kiingereza, ule wa IELTS unaoufanya ili ukafanye kazi ya uuguzi Uingereza, umebakiza wiki tatu, na kwamba swali linalokukosesha raha ni la kazi na mipango ya baadaye. Umeniuliza: je, ni vibaya kumwambia mtahini uongo mdogo, kwamba unakusudia kurudi Nairobi baada ya miaka mitano kufungua zahanati, ilhali hujui kama utarudi? Nakujibu kwa barua kwa sababu vidole vyangu ni vizito kwenye simu, na kwa sababu mdomo wangu hunitangulia, jambo ambalo ninyi watoto hamkosi kunikumbusha. Idi atakuletea kesho akipita Embakasi.

Nianze na lile nililolisema humu nyumbani mpaka mkalichoka: jibu ulichoulizwa. Kwa miaka 27 ya ukalimani mahakamani niliwaona mashahidi wakizama kwa maneno ambayo hakuna aliyewaomba. Mtu anaulizwa kama alikuwapo dukani usiku ule. Badala ya kusema ndiyo, anaeleza alikuwa na nani, alinunua nini na kwa nini hasemezani na shemeji yake, na wakili aliyekuwa akisinzia anafungua macho. Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Sijaona sababu ya kuliacha neno hilo.

Hata hivyo nilizisoma zile karatasi ulizoziacha mezani Jumapili, na lazima nikiri kwamba zimenitia mashaka. Mtihani wenyewe ni mfupi kuliko nilivyodhani, dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini peke yenu na kinasa sauti. Dakika nne au tano za mwanzo ni za mambo ya karibu: unaishi wapi, unafanya kazi au unasoma, kwa nini ulichagua kazi hiyo, je, unafikiria kuibadilisha. Kisha unakabidhiwa kadi yenye mada, unapewa dakika moja na penseli ya kuandika vidokezo, halafu unazungumza peke yako hadi dakika mbili, na zikitimia unakatizwa hata kama sentensi haijafika mwisho. Hatimaye huja mjadala wa dakika nyingine nne au tano kuhusu mada hiyohiyo, ila sasa kwa upana wake: kwa nini vijana wa siku hizi hubadilisha kazi mara kwa mara, au kama mashine zitawanyang'anya watu ajira. Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa, yaani ufasaha na mtiririko, msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Nililitafuta la tano, ukweli, sikulipata.

Basi mtu akiulizwa anafanya kazi gani, akajibu kwamba yeye ni muuguzi, akanyamaza, atakuwa amejibu alichoulizwa na atakuwa amejiangusha mwenyewe, kwa kuwa hakumwachia mtahini cha kupima. Nawe unatakiwa kufikisha alama ya 7, kwa maana Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linadai alama hiyo katika kuzungumza, kusikiliza na kusoma, ingawa katika kuandika linaridhika na 6.5. Nilikaa barazani nikibishana na nafsi yangu juu ya jambo hili mpaka chai ikapoa, na kilichonishinda hoja ni mwaka 1991.

Habari ya suti ya kijivu ya Ami Salim unaijua, na najua huwa mnaicheka, hasa ile mikono iliyonifika vidoleni. Sehemu ambayo sijapata kukusimulia ni ya ndani ya chumba. Nafasi iliyokuwa ikigombewa ilikuwa ya mkalimani mkuu, nami nilikuwa na miaka kumi kazini. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Maswali ya sheria niliyajibu yote. Ndipo mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, aliponiuliza kwa Kiingereza kwamba baada ya miaka mitano ninajiona wapi. Nilimjibu, kwa Kiingereza safi kisicho na kosa hata moja, kwamba nitakuwa papo hapo mahakamani. Nikanyamaza. Akasubiri. Nami nikasubiri, kwa kuwa nilikwisha kujibu nilichoulizwa. Nakumbuka mlio wa feni, na nakumbuka yule wa kushoto akifunika kalamu yake. Kisha wakanishukuru.

Nafasi ile alipewa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha tofauti ya dhamana na rehani. Sikuwa na chuki naye wakati ule wala sina leo, ingawa mama yako atakwambia vingine.

Kilichoniuma hasa kilikuja njiani. Nilirudi kwa miguu, nikashuka kupitia Gikomba, na kuanzia pale kwenye mitumba mpaka mlangoni petu maneno yalinitoka kama mfereji uliopasuka. Nilijieleza kwa sauti jinsi nilivyokusudia kukamilisha faharasa ya istilahi za mahakama, ili mkalimani wa Garissa na wa Kisumu wasimtafsirie mshtakiwa shtaka lilelile kwa maneno mawili yanayopingana. Jinsi nilivyokwisha kukusanya istilahi zaidi ya mia nne katika daftari la jalada jekundu, lile ambalo baadaye ulilichorachora kuku. Jinsi ambavyo ningeomba tupatiwe mafunzo badala ya kila mtu kujifunzia kwa makosa juu ya mgongo wa mshtakiwa. Wauza viatu walinitazama kama mwehu. Mipango yote ilikuwamo kifuani, ya kweli kabisa, na mezani nilikuwa nimeifungia nje kwa sentensi moja.

Kwa hiyo, mwanangu, unaniuliza kama uongo unafaa, nami nilishindwa nikiwa nimebeba ukweli mzima mzima.

Sasa nikurudishe kwenye Kiingereza chako, maana hapo nina la kukufaa. Lugha yetu hutubebea mizigo mingi kwa silabi ndogo. Nikisema Mwanaisha anafanya kazi wadi ya watoto, hiyo -na- hutosha kwa kazi yako ya miaka yote na kwa kazi unayoifanya dakika hii. Kiingereza kimeyatenga hayo mawili. Ukisema uko hapo tangu 2018, kinadai umbo jingine tena linaloifunga jana na leo pamoja, na hapo ndipo wengi wetu huteleza. Kwa mambo yajayo sisi tuna -ta- na mambo yameisha, wakati wao wana namna moja kwa nia uliyoishi nayo siku nyingi, nyingine kwa jambo lililokwisha kupangwa na tarehe yake, na nyingine kwa uamuzi unaoufanya papo hapo ukiwa umesimama. Ukizitumia zote tatu kama neno moja, mipango yako yote itasikika kama umeibuni mlangoni. Jihadhari pia na hii a- yetu isiyo na mume wala mke. Shahidi aliponiambia "alinipiga", iliniwia lazima kuomba ruhusa ya hakimu nimwulize aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, kabla sijafungua mdomo kwa Kiingereza. Ukimsimulia msimamizi wako wa wadi, mwone kwanza kichwani, usimwanze akiwa mama ukammaliza akiwa baba.

Yale majibu ya kukariri aliyokutumia mwenzako nimeyasoma pia. Muuguzi wa humo ana shauku kubwa katika kila sentensi na sidhani kama amewahi kubadilisha shuka. Watahini wamefunzwa kuyatambua maneno ya kumezwa, na swali likigeuka kidogo tu, utabaki umeshika funguo za nyumba nyingine. Ukiulizwa kwa nini ulichagua uuguzi, unayo habari ya nyanya yako na ile thamosi. Isimulie hiyo. Hakuna anayeweza kukuuzia.

Kuhusu uongo wenyewe, naona nimelizunguka swali lako kama wale mashahidi ninaowasema. Mimi nimeshika msahafu mbele ya watu wengi waliokuwa wakiapa, na baadhi yao nilijua wanaapa uongo kabla mkono haujashuka. Usitarajie niseme uongo ni kitu chepesi. Ninakubali kwamba katika chumba hicho hakuna kiapo, na kwamba kazi ya mtahini ni kupima Kiingereza chako, wala haimhusu ikiwa zahanati itajengwa au haitajengwa. Ukimwambia wadi yako ina vitanda thelathini na kumbe ni ishirini na sita, sioni nani atakayedhurika. Lakini zahanati ni kubwa kuliko vitanda vinne. Atakuuliza itakuwa mtaa gani, kwa fedha zipi, itawahudumia akina nani, nawe utakuwa ukijenga kuta na kutafuta sarufi kwa wakati mmoja, na najua kitakachoanguka kwanza.

Mbona usimwambie kwamba hujaamua? Nimelipima jibu hilo jana usiku na nimeliona kuwa ndilo lenye maneno mengi kuliko yote. Mtu aliyeamua ana sentensi moja, kama mimi mwaka ule. Asiyeamua ana kama, na isipokuwa, na ingawa, na ningekuwa na mtaji ningerudi, na wazazi wakizeeka huenda nikarudi mapema, na kuna siku natamani kujifunza uuguzi wa watoto mahututi na siku nyingine natamani kulala tu. Masharti yote hayo ndiyo sarufi pana wanayoitafuta, na huhitaji kulibuni hata moja, maana ndiyo unayomwambia mama yako kila Jumapili jikoni mkidhani sisikii.

Ninapokuandikia hivyo, ninaandika kama mkalimani. Kama baba, sentensi ya wazazi wakizeeka nimeiandika kwa shida.

Hukuniuliza kama uende, na sikujibu. Tangu serikali yetu na ya Uingereza zitie saini ule mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021, nimewahesabu watatu wa darasa lako waliokwisha kuondoka, na mama wa mmoja wao hunionyesha picha za theluji kila tukikutana sokoni kana kwamba ameianzisha yeye. Mama yako anasema niache maneno, kwamba wewe ni mtu mzima na miguu ni yako. Nimemwahidi sitatoa hukumu, na kwa kweli mkalimani hatoi hukumu, hukaa chini ya hakimu na kupokea maneno ya huyu akampa yule. Wadi za hapa nazo zina watoto; hilo si hukumu, ni taarifa. Sitaongeza.

Njoo Jumapili baada ya adhuhuri. Nitaketi upande wa pili wa meza na miwani yangu, nikuulize unafanya kazi gani, unakusudia nini, na kwa nini watu huhama kwao kutafuta riziki, na sitakusaidia hata neno moja ukikwama. La kurudi sitaliuliza. Au nitaliuliza mwishoni kabisa, mama yako akiwa ameingia ndani. Saa ya ukutani imesimama tangu Ijumaa, kwa hiyo njoo na betri moja ndogo, tupate kuzipima hizo dakika mbili.

Ni mimi baba yako.