Michezo ya hadithi isiyosemwa: maswali ya wasomaji

*Wahariri, habari za kazi? Michezo ya hadithi ya maandishi, ile ya kusoma maelezo na kuandika amri au kuchagua hatua inayofuata, nimeshaimaliza yote inayotajwa kila mahali. Nikiingia IFDB kutafuta mingine naletewa ileile yenye nyota kibao. Ile ambayo watu hawajaisema sana naipataje, na nitajuaje kama inafaa?*
Msomaji, Tabata

Salama, ndugu. Orodha hizo hutanguliza mchezo uliokwisha kuchezwa sana, kwa hiyo unazidi kuchezwa. Achana nazo, tumia kisanduku cha kutafutia. IFDB, katalogi ya mtandaoni ya michezo hii iliyoanza mwaka 2007, inaelewa zaidi ya jina la mchezo. Andika hivi:

#reviews:1-2 rating:4- published:1998-2008

Utaletewa michezo iliyotoka miaka hiyo, yenye wastani wa nyota 4 kwenda juu na tahakiki moja au mbili tu. Kistari kilicho baada ya 4 usikisahau, ndicho kinachosema "kwenda juu". Miaka badilisha upendavyo. Hatushauri kuanza na michezo isiyo na tahakiki hata moja, maana humo mmejaa mazoezi ya watu waliokuwa wanajifunza kutumia programu, na utachoka kabla hujafika kwenye kitu.

Nyota zenyewe zisikupumbaze. Nyota 5 za mtu mmoja huenda ni za rafiki wa mwandishi. Soma tahakiki uone kama inataja fumbo fulani, mhusika fulani, mahali mchezo unapolegea. Aliyelalamika kwa undani ni shahidi bora kuliko aliyesifu kwa neno moja. Angalia na tarehe: lawama nyingi zinahusu toleo la kwanza lenye hitilafu, na huenda mwandishi alisharekebisha akatoa jingine ambalo hakuna aliyerudi kulihakiki. Na ukimpata mhakiki ambaye mmekubaliana kwenye michezo mitatu minne, bonyeza jina lake upitie tahakiki zake zote. Kwetu sisi njia hii inashinda utafutaji wowote.

Kisha kuna mashindano. IFComp, shindano la michezo hii, hufanyika kila mwaka tangu 1995, na waamuzi ni wachezaji wa kawaida wanaotakiwa kutoa alama kwa kuangalia saa 2 za mwanzo tu. Mchezo unaohitaji saa sita huhukumiwa kwa theluthi yake, tena ile theluthi ambayo bado unajenga. Ndiyo maana sisi kwenye matokeo huruka kumi bora na kuanza nafasi ya 15 hadi ya 35, tukitafuta mirefu. Tafuta pia uliopewa Golden Banana of Discord, tuzo ya utani inayokwenda kwa mchezo ambao alama zake zimetawanyika kuliko yote: wengine wameupa 9, wengine 2. Mchezo wa namna hiyo wastani wake ni wa katikati, lakini wenyewe si wa katikati hata kidogo. Spring Thing, shindano jingine lililoanza 2002, ina sehemu iitwayo Back Garden kwa kazi za majaribio zisizoshindania tuzo. Pitia huko ukiwa na subira.

Itch.io, tovuti ya michezo ya kila aina, nako ipo mingi ya Twine (programu ya kutengeneza hadithi za kubonyeza viungo), ila kupepeta ni kazi. Anza na iliyotengenezwa kwa ajili ya shindano fulani, angalau hiyo ilikuwa na tarehe ya kukamilika.

*Mimi natumia simu tu na bando langu ni la kupima. Tena kuna mafaili nikipakua hayafunguki. Nifanyeje?*
Msomaji, Mbagala

Bando lisikutishe. Michezo mingi huja kwa faili la .z5 au .z8: la .z5 haliwezi kuzidi kilobaiti 256, na la .z8 mwisho ni 512. Picha moja ya simu yako ni nzito kuliko mchezo mzima.

Halifunguki kwa sababu faili ni hadithi tu, linahitaji programu ya kulisoma. Kwa Android ipo Fabularium, kwa iPhone ipo Frotz, na kwa kompyuta Gargoyle, ambayo inasoma .z5, .z8, .ulx, .gblorb na hata .taf za Adrift, programu nyingine ya kutengenezea michezo, za zamani. Hutaki kupakua chochote? Ukurasa wa mchezo ukiwa na kitufe cha "Play Online", ubonyeze ucheze kwenye kivinjari.

Michezo ya Twine ni faili la HTML, kivinjari kinatosha. Shida yake ni kuhifadhi: ulipofikia huwekwa ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo ukisafisha data zake ili simu iwe nyepesi, au ukicheza kwenye dirisha la faragha, unaanza upya. Mchezo ukikupa nafasi ya kuhifadhi kama faili, itumie.

*Nikikwama nusu saa kwenye chumba kimoja, nitajuaje kama tatizo ni langu au mchezo ni mbovu?*
Msomaji, Kigamboni

Andika "about" au "credits". Kama hakuna jina la hata mtu mmoja aliyeujaribu kabla haujatoka, shuku. Halafu chunguza kwa "x" (kifupi cha "examine") kila kitu kilichotajwa kwenye maelezo ya chumba. Vitatu vikijibiwa kuwa havionekani, mwandishi hakumaliza kazi, na wewe huna deni la kuumaliza mchezo wake. Vikijibiwa vizuri, huenda kosa ni la kitenzi tu: jaribu "push", "pull", "turn", "search", "look under".

Bado? Jaribu "hint", kisha tafuta maelekezo ya hatua kwa hatua kwenye IF Archive, ghala lililopo tangu 1992. Yasome mpaka ulipokwama, usivuke.

Angalia pia daraja la ukali kwenye ukurasa wa mchezo, kipimo cha mwandishi wa michezo hii Andrew Plotkin chenye ngazi tano, kutoka Merciful (wenye huruma) hadi Cruel (mkatili). Ukiona Cruel, ujue unaweza kuharibu safari mapema bila mchezo kukuonya. Hapo hifadhi kila baada ya fumbo, kila mara kwa jina jipya, usifute la zamani.